Karibuni Maswa: hotuba kwa walimu wa ajira mpya

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Maafisa Elimu, waratibu elimu kata, walimu wakuu, wazee wetu mliofika, na ninyi wanangu wa ajira mpya ambao ndio sababu ya mimi kusimama hapa: mwangaluka!

Nimewasikia mlioitikia, na nimewaona mliotazamana. Mliotazamana msijali. Hiyo ni salamu ya asubuhi. Jua likishuka tutasema mwadila. Muda si mrefu mtakuwa mnasalimia njia nzima kutoka nyumbani hadi shuleni, kwa sababu huku mtu hampiti mwenzake kimya hata kama yuko juu ya baiskeli na gunia la mahindi.

Nimeombwa nizungumzie uzalendo. Naomba niuzungumzie kwa upande ninaoujua mimi, upande wa mwalimu aliyepangiwa kazi mahali asipopajua. Ninaamini nchi hii ilishonwa na watu wa namna hiyo kuliko ilivyoshonwa na bendera na nyimbo.

Mlangoni nimepitia karatasi ya mahudhurio. Yupo wa Kyela, yupo wa Muleba, wa Newala, wa Rombo, wa Kondoa. Sidhani kama kuna wawili waliokulia kata moja. Najua baadhi yenu mlipoona neno Maswa kwenye orodha ya TAMISEMI mlifungua ramani kwenye simu, mkapima kilomita, mkanyamaza. Mama akauliza, "Huko si ndiko mbali sana?" Ni mbali, mwanangu. Mimi mwenyewe nilitoka Pangani. Nilipanda treni ya Reli ya Kati Dar es Salaam. Tabora mabehewa yakagawanywa, ya Kigoma yakaenda zake, na sisi wa Mwanza tukakunja kaskazini. Nikateremka Shinyanga, na kutoka Shinyanga nikapanda lori lililobeba saruji. Wakati huo Maswa ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja baadaye, 2012. Nilifika nimejaa vumbi hadi kwenye kope, na mwanafunzi wa kwanza kunipokea sanduku alikuwa haelewi ninachomwambia.

Watu hupenda kusema Watanzania ni wapole kwa asili, ndiyo maana makabila zaidi ya 120 yanaishi pamoja. Mimi sikubali. Kwa asili sisi ni watu kama watu wengine wote. Katika karne ya 19 Wahehe na Wangoni walipigana hadi nyika zikabaki bila watu. Mirambo alipigana na majirani zake na Waarabu wa Tabora. Hakuna hewa maalumu tunayovuta sisi. Kilichotokea ni kwamba baada ya Uhuru kuna watu walikaa chini wakapanga, kwa makusudi, namna ya kutuchanganya.

Januari 1962 ikaondolewa mifumo ya shule za Wazungu peke yao, Wahindi peke yao na Waafrika peke yao. Mwaka 1963 watemi na machifu wakaondolewa kwenye madaraka ya serikali. Na kwa Usukumani, penye utemi wa miaka mingi, hilo halikuwa jambo dogo. Mwaka huo huo likaanza Jeshi la Kujenga Taifa. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, na sensa ya mwaka huo ndiyo ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila lake. Tangu hapo serikali imehesabu watu, nyumba, vyoo na mifugo. Sensa ya 2022 ikatupata watu 61,741,120, na hakuna karani aliyeandika nani Msukuma na nani Mmakua. Sheria ya elimu ya 1969 ikachukua shule za madhehebu, ili mtoto wa Kiislamu asifungiwe mlango na mtoto wa Kikristo asikue akidhani shule ni ya kwao peke yao.

Na sekondari, kwa kuwa zilikuwa chache, zilikuwa za bweni. Mtoto wa Bukoba alipelekwa Songea, wa Songea akapelekwa Tabora, wa Lindi akapelekwa Moshi. Walilala kwenye vitanda vya deka, mmoja juu, mmoja chini, wakaugua malaria pamoja, wakagawana sabuni. Mwanamume wa miaka sabini leo akisikia rafiki yake wa bweni amefiwa huko Mbeya, anapanda basi. Hajui hata neno moja la Kinyakyusa, lakini anapanda basi.

Sasa nawaomba mnisikilize hapa, kwa sababu ndipo lilipo jambo langu.

Mpango huo wa kutuchanganya umelegea, na haukulegezwa na adui. Umelegezwa na jambo jema. Mwaka 2004 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, shule za sekondari nchini zilikuwa elfu moja na kitu. Kufikia 2010 zilikuwa zimepita 4,000. Hizi ndizo shule za kata. Nilizipigania na bado nazitetea. Kabla yake nilifundisha watoto wenye akili kali, hasa wasichana, wakamaliza darasa la saba wakarudi shambani kwa sababu nafasi hazikuwepo. Tangu 2016 mtoto anafika kidato cha nne bila ada. Asiwepo mtu wa kutoka hapa aseme yule mama amezisema vibaya shule za kata.

Lakini tazameni kilichofuata. Mtoto wa kata ya hapa anazaliwa hapa, anasoma chekechea hapa, la kwanza hadi la saba hapa, kidato cha kwanza hadi cha nne hapa. Wenzake wote darasani ni watoto wa majirani zake. Anayefaulu kwenda kidato cha tano ndiye anayepangiwa bweni mkoa mwingine, na huyo ndiye anayeitwa JKT kwa mujibu wa sheria, mafunzo ambayo yenyewe yalisitishwa 1994 yakarudi 2013. Hao ni wachache. Wengi wanamaliza ujana wao bila kukaa dawati moja na Mtanzania wa mkoa mwingine. Wanamjua Mchaga wa kwenye vichekesho, Mmasai wa kwenye tangazo, na Mzanzibari wa kwenye taarabu.

Kwa mtoto huyo, Mtanzania wa kwanza kutoka mbali anayemfahamu kwa jina, anayejua anachekaje na anakasirikaje, ni mwalimu. Ni wewe wa Newala. Kazi ambayo zamani ilifanywa na bweni zima sasa imebaki mikononi mwako, na hakuna aliyekuambia. Haimo kwenye mkataba wala kwenye maelezo ya kazi. Ndiyo maana nimekubali kuja kuisema.

Ninasikia siku hizi hoja kwamba kila mkoa uajiri walimu wake. Hoja hiyo ina nguvu na sitaki kuipuuza. Mzawa anaijua lugha ya mtoto, ana nyumba, haombi uhamisho. Wakati wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974, vijiji vingi vilipata walimu kutoka miongoni mwa vijana wao waliomaliza la saba, na bila wao watoto wengi wasingejua kusoma. Lakini tukifanya hivyo nchi nzima tutakuwa tumemaliza kazi iliyoanzwa na shule za kata: kila mtu kwao, na watu wa kwao. Mimi nasema wachanganywe. Wazawa wawepo na wageni wawepo, kwenye chumba kimoja cha walimu, wakinywa chai moja.

Ninawajua pia walio kwenye makundi ya WhatsApp ya kubadilishana vituo. "Nipo Maswa, idara ya msingi, natafuta aliyeko Moshi au Arusha." Sitawalaumu. Mtu ana mume Moshi, ana mama mgonjwa, ana mtoto mchanga. Hiyo ni haki yake na sheria imeweka utaratibu. Ninaongea na yule anayefika na begi ambalo halifunguliwi. Miezi inapita, anakaa hapa kama abiria anayesubiri basi, hajui jina la mwenyekiti wa kitongoji, anakula tambi chumbani na kulalamika mtandaoni kwamba watu wa huku ni washamba. Huyo hata kama anafundisha hesabu vizuri, watoto wanamsoma. Watoto wanajua anayewadharau kabla hajafungua mdomo.

Niwasimulie msiba mmoja, kwa sababu huku ndiko mtakakopimwa.

Miaka yangu ya mwanzo tulikuwa na mwalimu mwenzetu kutoka Tukuyu. Akaugua ghafla, akafariki. Simu hakuna, mwalimu mkuu alipeleka taarifa ipelekwe Radio Tanzania Dar es Salaam isomwe kwenye matangazo ya vifo, tukawa tunaomba Mungu kwao wawe wamefungua redio. Kusafirisha mwili isingewezekana. Mkewe alikuwa na watoto wawili wadogo, hajui Kisukuma, na Kiswahili chake kilikuwa kimekauka kwa kilio.

Jioni ile ile, kabla sisi walimu hatujajua tuanzie wapi, uwanja ulijaa. Wanawake walikuja na unga kwenye ungo, na kuni, na maji kichwani. Wakaingia jikoni kwa mfiwa bila kuuliza sufuria iko wapi. Wanaume wakawasha moto nje. Wakati huo sungusungu walikuwa ndio kwanza wameanza huku Usukumani kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, na kiongozi wao akaomba daftari la shule. Akakaa karibu na moto, akawa anaandika kila kaya imeleta nini, debe kwa debe, shilingi kwa shilingi. Alikuwa anaandika polepole, maana alijifunza kusoma ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima. Mzee mmoja akatoa ng'ombe. Alfajiri vijana wakachimba kaburi kwenye ardhi ya mbuga iliyopasuka kwa ukame, ngumu kama zege, wakapokezana sururu hadi jua likawa kali.

Ndugu walifika baadaye, tumeshazika. Baba wa marehemu aliteremka kwenye gari akiwa na hasira ya mtu aliyenyimwa kumuona mwanawe. Hakuna aliyebishana naye. Walimletea kiti, wakamletea lile daftari. Alilisoma lote, jina kwa jina, majina asiyojua hata kuyatamka. Alipomaliza akaomba apelekwe kwa kila kaya iliyoandikwa humo, na walimzungusha siku nzima.

Wanangu, huku kuna utaratibu. Mtu asiyezika wenzake huitwa mbele ya dagashida, mkutano wa kijiji wa jadi, akapigwa faini. Akikaidi hutengwa: haazimwi jembe, hapewi moto, na watu humkatia salamu. Mtaona ni ukali. Lakini mgeni kutoka Tukuyu alizikwa kwa utaratibu huo huo, na hakuna aliyeuliza ni wa kabila gani kwanza. Basi mkifika, tafuteni chama cha kuzikana cha kitongoji chenu mjiandikishe. Nendeni msibani hata kama hamkumjua marehemu. Mkae kwenye mkeka, msimame pale watu wanaposimama. Hapo ndipo mtakapokuwa watu wa hapa, mapema kuliko kwa njia nyingine yoyote ninayoijua.

Kuna jambo la utani lazima niligusie, kwa sababu mmekua nalo kwenye simu.

Utani wa makabila ni mali yetu kubwa. Mnyamwezi na Mzaramo, Mpare na Mchaga: wazee wetu walichukua uhasama, au misafara ya biashara ya kwenda Bagamoyo na kurudi, wakaifanya undugu wa matusi. Mtani anakuja msibani, anaiga kikohozi cha marehemu, anaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe, na waliokuwa wanalia wanacheka. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyeamka usiku kuchota maji na kuchimba kaburi. Ana haki ya kukutukana kwa sababu ana wajibu kwako, na wewe kesho utamtukana yeye. Ni njia mbili.

Sasa mtazame kinachoitwa utani leo. Msukuma, mtu wa kabila linalosemekana ndilo kubwa kuliko yote nchini, amekuwa jina la kejeli. Mtu akifanya jambo la kijinga Dar es Salaam anaambiwa "acha Usukuma." Kijana wa hapa anayesukuma toroli la machungwa Kariakoo anaigwa lafudhi na watu ambao hawatafika kwao msibani hata siku moja. Hiyo ni dharau iliyovaa nguo za utani. Baadhi yenu mmekuja mmeshiba vichekesho hivyo. Mtoto wa darasa la tatu akisema neno kwa lafudhi ya kwao, na mwalimu akamwigiza mbele ya wenzake, darasa litacheka, na mtoto yule hatanyoosha mkono tena mwaka mzima. Nimeliona likitokea. Nawaombeni, msilifanye.

Hapo hapo niseme kuhusu lugha. Kiswahili kimetufanyia kazi ambayo nchi nyingi zinaitamani, na mimi nisingeolewa na mume niliyeolewa naye bila hicho. Yeye Msukuma, mimi Mzigua, na watoto wetu wanaota ndoto kwa Kiswahili. Lakini darasa la kwanza mtapokea watoto ambao hawajakisikia ila kwenye redio. Mwaka wangu wa kwanza mtoto alilia darasani tangu asubuhi, mimi nambembeleza kwa Kiswahili cha Pangani, yeye analia zaidi. Nikamwita msichana wa darasa la nne. Akainama, wakanong'onezana, akageuka: "Mwalimu, ana mwiba." Ulikuwa kwenye unyayo, umezama, na alikuwa ametembea nao kutoka ng'ambo ya mto. Tangu siku hiyo kila darasa la kwanza nililofundisha lilikuwa na mkalimani kutoka darasa la juu, na mimi jioni nilikuwa mwanafunzi wa mama mwenye nyumba. Kumchapa mtoto kwa kosa la kusema kilugha uwanjani ni kumwambia kwamba mama yake ni kosa. Taifa halihitaji hilo. Mfundisheni Kiswahili hadi akimiliki, na mwacheni aende nyumbani akamweleze bibi yake alichojifunza.

Na kanda yetu hii ina aibu ambayo siwezi kuiruka. Mnajua yaliyowapata watu wenye ualbino. Watoto walihamishwa makwao wakapelekwa Buhangija, Shinyanga, ili tu wawe hai. Mtu anayeogopa kulala kwenye kitanda chake hana uraia wa kuonyesha. Ukimpata mtoto huyo darasani, mweke mbele, mbali na dirisha lenye jua, kwa sababu macho yake hayaoni ubao kutoka nyuma. Andika herufi kubwa. Mruhusu kofia na mikono mirefu hata gwaride la asubuhi. Hakikisha harudi nyumbani peke yake. Na watoto wengine wakuone ukimshika mkono, kwa sababu baadhi yao wamefundishwa nyumbani kwamba hashikwi.

Ndugu Mkurugenzi, naomba nigeukie upande wako kwa heshima zote. Tunawaambia vijana hawa wakae, lakini mtu hakai hewani. Shule zetu za mbali hazina nyumba za walimu za kutosha, na binti wa miaka ishirini na minne hawezi kupewa chumba kisicho na mlango wa kufunga kisha tukamhubiria uzalendo. Mabweni ya zamani yalikuwa na bajeti. Mpango wa kutuchanganya uligharimu fedha, treni, godoro, posho ya kujikimu, na serikali ilizilipa. Posho ya hawa ikichelewa, mtu anakopa kwa mwenye duka, na uhusiano wake wa kwanza na kijiji unakuwa deni. Hilo liko ndani ya uwezo wetu kulizuia.

Walimu wangu, Jumatatu mnaripoti. Kabla hamjaenda kwa mwalimu mkuu, piteni ofisi ya mtendaji wa kijiji mjitambulishe. Semeni mnatoka wapi, msione aibu. Watu watawauliza kwenu mnalima nini, na swali hilo ni la kukaribishana. Mtaletewa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyopikwa na karanga. Kuleni. Ninyi wa Muleba mtamiss ndizi na ninyi wa Kyela mtamiss mchele wenu, nami naikumbuka nazi hadi leo, lakini kuleni, na mkipokea mzigo kutoka nyumbani mpelekeeni jirani naye aonje.

Kina mama wa kikundi chetu wamesimama kule nyuma, wenye vitenge vya bluu. Nimewapa orodha ya shule zisizo na nyumba. Kila mmoja wao ana chumba, au anajua kilipo, katika kata mliyopangiwa. Waoneni kabla hamjapanda magari. Na wewe wa Newala, usiondoke bila kuniona. Shule uliyopangiwa ndiyo niliyoanzia mimi.

Asanteni sana.